Mtoto Mzito wa Hesabu Si Mjinga

Mtoto anayechelewa kujibu hesabu mara nyingi huambiwa hana kichwa, na pengine hupigwa. Kwa maoni yangu, tunamwonea.

Kufikiri si kazi ya sehemu moja tu ya ubongo. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Rex Jung na Richard Haier, walilinganisha tafiti 37 za picha za ubongo. Walieleza kwamba mtu anapotafuta jibu la fumbo, sehemu iliyo nyuma ya paji la uso hushirikiana na ile ya juu kuelekea kisogoni. Hii ya nyuma hukusanya na kuunganisha yaliyoonwa na kusikiwa. Ile ya mbele hupima jibu lipi linafaa.

Ujumbe kati yao hupita katika nyuzi za neva. Nyuzi hizo huvikwa polepole utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe, na kazi hiyo huendelea hata baada ya miaka 20. Basi mtoto wa miaka 9 bado anajengewa njia.

Fimbo haijengi njia hiyo. Hofu na kukosa usingizi huivuruga sehemu ya mbele, na upungufu wa madini ya chuma hudhoofisha utando ule. Mlaze mapema. Mpe maharage, dagaa na mboga za majani. Mwulize amefikaje kwenye jibu lake, kisha umngoje. Akizidi kutatizika, apimwe macho, masikio na damu kabla ya kuitwa mjinga.