Tukosoe Kazi, Tusimvunje Mtu

Wahenga walisema kuwa maneno makali hayavunji mfupa. Sisi tulio katika kazi ya kulea walimu tumeona kwamba huvunja moyo, na mwalimu aliyevunjika moyo hafundishi.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulimkuta mwanachuo katika shule moja ya Mikumi akifundisha kutoa kwa kukopa, Darasa la Tatu. Alikosea hatua moja ubaoni. Aliyemsimamia akamwambia mbele ya watoto kwamba hakuzaliwa kuwa mwalimu. Juma lililofuata tulipopitia maandalio yake ya masomo, tulikuta amenakili ya mwenzake neno kwa neno. Kutoa kwa kukopa bado kulimshinda. Alichojifunza ni kuficha kosa.

Tatizo hili si la walimu pekee. Waandishi wa programu za kompyuta nao hukaguliana kazi kabla ya kuikubali. Katika mradi wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland, lugha ya matusi ilizoeleka kwa miaka mingi, na baadhi ya mafundi hodari wakajitoa. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda, na mradi ukapata kanuni mpya za maadili. Ukaguzi haukufutwa, kilichotakiwa kubadilika ni ulimi.

Basi ninyi mnaokwenda katika shule za Kilosa na Mikumi, mkikaa kukosoana, fuateni utaratibu huu. Kwanza, mwenye somo aeleze alichokusudia. Pili, mkosoaji ataje hatua, asimtaje mtu: "Hapa hukuonyesha kumi iliyokopwa," wala si "Huna akili." Tatu, atoe sababu na njia nyingine. Nne, yote yafanyike faraghani, watoto wasisikie. Anayetukanwa naye asirudishe tusi, aulize, "Kosa liko katika hatua ipi?" Tusi likirudiwa, aliandike na kulifikisha kwa mkufunzi, na mkufunzi asilinyamazie.

Wako watakaosema kuwa huku ni kudekeza. La, hasha. Kosa lazima litajwe, na kazi mbovu irudiwe. Lakini ulimi mnaouzoea leo ndio mtakaoupeleka kesho kwa mtoto wa Darasa la Kwanza, naye hana mkufunzi wa kumshitakia.