Nani Amepanga Safari Hii?

Wafanyakazi wenzangu, leo ukurasa wetu wa usalama unaanzia kwenye mchezo wa video. Msicheke kwanza.

Mwaka 2019 Mjapani Hideo Kojima alitoa mchezo uitwao Death Stranding. Wengine waliucheza kwa mshangao, maana karibu mchezo wote ni kazi ya upagazi. Mchezaji ni Sam. Anabeba makasha mgongoni kuwapelekea watu waliotengana, katika nchi pana ambayo mtu anaweza kupita popote atakapo. Na hapo ndipo taabu inapoanza. Ukirundika mzigo juu mno, unayumba. Ukiukata mto penye kina, maji yanakuzoa na makasha yanaelea kwenda zake. Viatu vinachakaa. Mvua ya huko inazeesha kila inachokigusa, hata makasha yenyewe. Basi mchezaji mwenye akili hufungua ramani kabla ya kuinua mguu. Hutafuta mteremko uko wapi na mto unavukika wapi, huweka alama za njia, na mzigo mwingine huuacha kwa safari ya pili. Anayefuata mstari ulionyooka huokotwa bondeni.

Watoto wetu wanajifunza hayo kwa vidole. Lakini mchezo una jambo moja ambalo kazini kwetu halipo: anayepanga njia ndiye anayebeba mzigo. Akipanga vibaya, ni yeye anayeanguka. Kwetu anayepanga amekaa biro, na anayeanguka ni shofa na wasaidizi wake.

Tazama njia ya kutoka Kisangani kwenda Banalia. Ni kilomita 128 hivi kwenye barabara ya taifa namba 4. Mtu wa biro anazigawa kilomita kwa mwendo wa kamyo, anapata saa chache, anaandika: kutoka asubuhi, kushusha ng'ambo ya mto, kurudi leo leo. Hesabu yake ni sahihi kwa magurudumu. Kwa mto si sahihi. Banalia iko kwenye Aruwimi, na gari linalokwenda mbele upande wa Buta lazima lingoje kivuko. Kivuko hakijui saa ya biro. Kuna foleni, kuna siku mashini yake inagoma, kuna mvua inayogeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Shofa aliyekaa saa nne ukingoni atazitafuta saa hizo wapi? Atazitafuta usiku, njiani, kati ya pikipiki zisizo na taa na baiskeli zilizofungwa bidoni za mafuta ya mawese. Ajali ikitokea, ripoti itasema: mwendo wa kasi. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Nusu nyingine iliandikwa asubuhi kwa kalamu.

Desturi ya kumlaumu aliyeachwa njiani si ya leo, na Banalia yenyewe ilikwisha kuiona. Mwaka 1887 Stanley alichukua wapagazi zaidi ya 600 Zanzibar, akawazungusha kwa meli kupitia kusini mwa Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo, wapande mto kwenda kumwokoa Emin Pasha. Kwenye karatasi njia ilipendeza: maji yatabeba mzigo. Lakini meli za mtoni hazikutosha, watu na mizigo vikaja kwa mafungu. Tarehe 28 Juni 1887 Stanley akatangulia kutoka Yambuya, chini kidogo kwenye mto huo huo wa Aruwimi. Nyuma aliacha kundi la watu na shehena kubwa, wangoje wapagazi 600 walioahidiwa na Tippu Tip. Wakangoja karibu mwaka mzima. Walikula muhogo mchungu usiolowekwa inavyotakiwa (mama yeyote wa Tshopo angewaambia), wakafa kwa njaa, kwa maradhi na kwa sumu ya chakula chenyewe. Wapagazi walipofika Juni 1888 walikuwa pungufu. Kundi likasogea hadi Banalia, na hapo mkuu wao, Meja Barttelot, akapigwa risasi tarehe 19 Julai. Stanley aliporudi tarehe 17 Agosti alikuta Mzungu mmoja tu kati ya maofisa aliowaacha, pamoja na mabaki ya watu waliokonda. Katika kitabu chake aliwalaumu maofisa hao. Walikuwa na makosa yao, sibishi, tena mazito. Lakini nani alipanga safari inayotegemea mno ahadi moja?

Wengine duniani wamekwisha kuelewa kwamba njia yenyewe ni chombo cha usalama. Kampuni ya UPS ya Marekani huwapangia madereva njia zenye kona chache za kushoto, zile za kukata mbele ya magari yanayokuja, hata kama kuzunguka kunaonekana kurefusha. Katika Umoja wa Ulaya sheria inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu. Mapumziko hayo yako ndani ya mpango. Hayaibwi njiani.

Na upakiaji pia ni sehemu ya njia. Kitakachoshuka kwanza kipakiwe mwisho. Mpangaji asipoeleza vituo, mapipa ya mazuti hukaa mlangoni na vipuri vya kituo cha kwanza hukaa ndani kabisa. Halafu tunashangaa migongo inauma na vidole vinabanwa.

Ninachotaka ni kidogo. Karatasi ya safari ionyeshe saa za kungoja kivukoni, mahali pa kulala giza likiingia, na jina la aliyepanga. Ajali ikitokea, uchunguzi uanze na karatasi hiyo kabla shofa hajaulizwa swali hata moja. Naye shofa apewe nafasi chini yake ya kuandika "haiwezekani" na sababu zake, kabla ya kupokea funguo.