Mtuache na Ujumbe Wenu, Tusikilize Muziki

Wimbo bora kuliko nyimbo zote zilizowahi kupigwa kwa Kiswahili ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, na wimbo huo hauna ujumbe wowote wa maana. Mwanamume anatuhumiwa na mwenzake kwa ajili ya mwanamke, naye anakana kosa. Basi. Hakuna funzo la maisha, hakuna onyo kwa vijana, hakuna wosia wa marehemu. Mtu anajitetea, bendi inapiga.

Nalisema hili mapema ili tusipotezeane muda. Ukitaja wasanii unaowapenda mbele ya Waswahili watatu, wawili watakuuliza swali lile lile: "Lakini ujumbe wake nini?" Imetuganda imani kwamba wimbo mzuri ni wenye ujumbe, kwamba nyimbo za zamani zilikuwa nao na za sasa hazina, na mjadala umefungwa. Imani hiyo si kweli, haijawahi kuwa kweli, na imetugharimu.

Tuanze na miguu yetu, maana hiyo haijui kudanganya. Kwa miaka mingi Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Bujumbura zilikesha zikimcheza Franco, zikimcheza Tabu Ley. Wangapi kati ya wachezaji hao walikijua Kilingala? Mwaka 1985 Franco alitoa "Mario", wimbo wa kumsema kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Ujumbe umo, tena umejaa. Lakini katika kumbi zetu walikuwemo akina Mario wenyewe, wamevaa suruali walizonunuliwa, wanakata viuno kwa raha zao bila habari kwamba wanaosemwa ni wao. Huko pwani nako, bibi zetu walizikariri nyimbo za sinema za Kihindi neno kwa neno, wakaziimba jikoni, na Kihindi chenyewe hawakijui. Watu hawa wote walikuwa wanapenda nini, kama si muziki?

Imani hii ya ujumbe haikushuka kutoka mbinguni. Ina ofisi ilikotoka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ikitaka kurekodiwa na kusikika nchi nzima, mlango ulikuwa huo. Santuri zenyewe zilikuwa zikichapishwa Nairobi. Na mlangoni hapo maneno ya wimbo yalikuwa yakisikilizwa kwanza. Bendi nazo zilikuwa na waajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Mlimani Park ya shirika la DDC, na Polisi, Magereza na JKT kila chombo kilikuwa na wanamuziki wake. Mpiga gitaa alikuwa mtumishi mwenye mshahara na bosi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atunge wimbo wa kilimo, anatunga. Funzo lilikuwa kibali cha kupita getini, na sisi tulioukuta muziki huo tukakidhania kibali kuwa ndio muziki.

Kama ujumbe ndio unaodumisha wimbo, basi nyimbo za kuhimiza kilimo cha kufa na kupona, za kusifu kuhamia vijiji vya ujamaa na za kuwahimiza wafanyakazi wazalishe zaidi zingekuwa zinapigwa leo kwenye kila harusi. Nenda ukumbini kesho ukamwombe DJ akupigie mmoja. Atakutazama usoni ajue kama uko sawa. Kilichobaki na watu ni mapenzi, wivu, kusingiziwa, kuachwa, na magitaa.

Tena kipimo hicho, hata kwa wanaokiamini, hakijawahi kutumika kwa haki. Remmy Ongala, Mkongo wa Kindu aliyekuja kuwa sauti ya wanyonge wa Dar es Salaam, aliimba "Mambo kwa Soksi" kuwahimiza watu watumie kondomu wakati UKIMWI unamaliza nyumba kwa nyumba. Sidhani kama umewahi kuimbwa Kiswahili wimbo wenye ujumbe wa haraka kuliko huo. Redio ya taifa ikakataa kuupiga, kwa hoja kwamba ni matusi. Basi hata walinzi wa ujumbe, ujumbe ulipowajia mlangoni ukiwa haujavaa kanzu, waliufukuza. Walichokuwa wanakilinda ni adabu ya wakubwa. Hilo ni jambo jingine kabisa, na wangelitaja kwa jina lake tungeelewana.

Sasa orodha yangu, wasanii watano na wimbo mmoja mmoja. Siti binti Saad simpangi humo. Yeye ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na mama hapangwi foleni moja na wanawe.

Wa tano ni Professor Jay, kwa "Ndiyo Mzee" wa mwaka 2001. Najua mtanirukia: si huo ndio wimbo wa ujumbe? Haya, utoeni ujumbe huo muuandike kwenye karatasi. Wanasiasa hutoa ahadi za uongo. Nani hakulijua hilo kabla ya 2001? Kilichotufanya tuuimbe ni ufundi. Jay hatuhubirii kitu. Anajigeuza mgombea, anapanda jukwaani, anaahidi mpaka wanafunzi wa sayansi kwenda kufanya majaribio mwezini, na umati unamwitikia kwa utii wote. Kisu kimewekwa kwenye kiitikio: mjinga wa wimbo huu ni anayeitikia, na anayeitikia ni sisi. Ahadi inapanda hatua kwa hatua, kutoka ya kawaida hadi ya kichaa, na jibu halibadiliki. Huo ni utunzi. Mwaka 2015 Jay mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi, na wimbo haukupungukiwa kitu.

Wa nne ni Saida Karoli, kwa "Maria Salome", ambao wengi tunauita "Chambua Kama Karanga". Nchi nzima iliuimba, kuanzia stendi ya Mbeya hadi baraza za Tanga, ingawa wengi wetu hatukijui Kihaya kilichomo. Mkamate shabiki asiye Mhaya umwambie akufasirie Kihaya hicho. Atacheka, halafu atauimba tena. Tulichokipenda ni ile sauti nyembamba inayopanda juu ya ngoma bila kusukumwa, na namna anavyoliachia neno mwishoni kama mtu anayemwita jirani wa ng'ambo ya shamba. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny waliuchukua wakatoa "Salome", kwa beti zao wenyewe, na nchi ikacheza tena. Maneno mengi yalibadilishwa, mahadhi yakabeba mzigo. Kama mnataka ushahidi wa mahakamani, ndio huo.

Wa tatu ni Bi Kidude, kwa "Muhogo wa Jang'ombe". Na hapa naomba wale wanaosema wazee hawakuimba matusi wasogee karibu. Mtu mzima yeyote wa Unguja anajua kwamba muhogo ule si wa kuchemshwa. Bi Kidude alikuwa bingwa wa unyago, na unyago ndiyo shule ambako wari hufundwa mambo ya ndani bila kuzungushwa. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa sababu ya maneno yake. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki mwaka 2013 taifa lilimzika kama hazina. Sisemi nyimbo hizo mbili zinalingana, hazikaribiani. Ila tofauti yake haiko kwenye usafi. Iko kwenye fumbo lililosukwa hadi mtoto akasikia chakula na mkubwa akasikia mengine, na kwenye sauti iliyokwaruzwa na umri na sigara ambayo haikuwahi kuomba radhi kwa mtu. Kinachoutenga wimbo wake na huo "Mwanza" ni ustadi. Semeni hivyo basi, muache kusingizia maadili.

Wa pili ni Mbaraka Mwinshehe, kwa "Shida". Ukiusoma wimbo huu bila kuusikia, unasema kwamba shida ni sehemu ya maisha ya binadamu. Maneno ya kanga. Bibi yeyote anaweza kukuambia hivyo bure, tena na chai juu. Lakini Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, na humo ndimo siri ilimo: gitaa lake linaendelea pale sauti inapochoka. Anaimba kwa upole wa mtu aliyekwisha kuyakubali yaliyomkuta, halafu nyuzi zinakuja kuyakataa yale aliyoyakubali. Huzuni ya "Shida" haipo kwenye shairi. Ipo katikati ya koo na vidole. Huyu ndiye aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka kwenye maonesho ya Expo 70, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, hajafika hata miaka arobaini.

Najua nimemwacha Marijani Rajab, na wapenzi wa "Zuwena" watanisaka. Nimewaacha Mlimani Park pia. Orodha ya watu watano ni ya kikatili, na ndiyo maana inafaa: inakulazimisha useme sababu.

Wa kwanza nimekwisha kuwataja. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 hapo Nairobi, kundi la Watanzania na Wakenya. "Sina Makosa" usikilize hivi: acha maneno, fuata gitaa la rizimu la Omar Shabani. Linazunguka mahali pamoja bila kuchoka wala kujionesha. Kisha hamia kwenye besi la Tom Malanga. Besi za bendi nyingi hufuata dramu zikapiga hatua pamoja, hili linaongea. Linauliza, linanyamaza kidogo, linajijibu. Lina wimbo wake ndani ya wimbo, na ukilifuata peke yake unaweza kuliimba. Juu ya hayo sauti inaingia taratibu, haina haraka ya kumshawishi mtu. Anayekana kosa kwa utulivu kiasi hicho, ama ni mkweli kabisa ama ni mwongo aliyekomaa, na bendi haikusaidii kuamua. Utamu wake uko hapo. Wimbo wenye funzo ungekuwa umekwisha kukuambia nani mwenye kosa.

Sasa angalia kinachotokea harusini. MC anatangaza muda wa zilipendwa. Baba wa bibi harusi, ambaye tangu saa mbili amekuwa akinung'unika kwamba muziki wa siku hizi umekosa maadili, anasikia gitaa lile, anavua koti, anamshika mkono mkewe na kuingia katikati. Anacheza wimbo wa mwanamume anayetuhumiwa na mwenzake kwa ajili ya mwanamke, siku binti yake anaingia kwenye ndoa, na ukumbi mzima hauoni ajabu. Mzee wangu huyu hana kosa. Masikio yake yana akili kuliko hotuba zake.

Gharama ya imani hii tunailipa kwa namna mbili. Kwanza, tumewafuta wapigaji. Tumeyapa maneno ufalme, na mwenye maneno ni mwimbaji. Waliobaki tumewaita bendi. Uliza mashabiki kumi wa "Sina Makosa" ni nani aliyepiga lile besi wanalolipiga kwa midomo. Mtangazaji naye akimkaribisha msanii studio, swali lake la kwanza ni ujumbe wa wimbo mpya, na msanii, ambaye hakuwaza ujumbe wowote, anabuni mmoja palepale: anasema anawaasa vijana. Nani kapiga kinanda, nani kapanga sauti za nyuma, kwa nini kiitikio kinaingia mapema, hayaulizwi.

Pili, tumewapa wavivu mahali pa kujificha. Nakubaliana na wazee kwamba nyimbo nyingi za sasa ni mbovu, lakini ubovu wake ni wa mdundo ulioazimwa mzima kutoka Afrika Kusini, sauti iliyonyooshwa na mashine mpaka haina mtu ndani, na kiitikio kinachorudiwa kwa sababu mtunzi aliishiwa. Msanii akiingiza ubeti mmoja wa amani au wa kumshukuru mama, anapigiwa makofi na kasoro zote zinasamehewa. Mwenzake aliyekesha na prodyuza akitafuta sauti moja ya tarumbeta anaambiwa kaimba mapenzi tu.

Wazazi wana haki ya kuchunga watoto wanasikia nini na saa ngapi. Hiyo ni kazi ya malezi na ratiba ya redio, na naiunga mkono. Haihusiani na kujua wimbo upi ni mzuri.

Orodha yangu ndiyo hiyo. Ukiipinga, njoo na wimbo wako unieleze kinachotendeka ndani yake: gitaa lipi linaanza, sauti inaingia wapi, fumbo limefungwaje. Tutabishana mpaka alfajiri na huenda ukanishinda. Ukiniletea funzo, nitakuelekeza msikitini au kanisani. Huko wapo waliolisomea.