Usiache Mbachao

Wazee wetu walituachia wosia: usiache mbachao kwa msala upitao. Leo twapenda kuwakumbusha wosia huo wote waliopewa dhamana ya hospitali zetu, tangu Dar es Salaam hadi huku Kigoma na Ujiji. Msala upitao ni maradhi ya mlipuko. Mbachao ni mgonjwa wa siku zote, ambaye maradhi yake hayaondoki ati kwa sababu maradhi mapya yamebisha hodi.

Mfano wetu ni mgonjwa wa moyo. Mtoto akiugua koo asitibiwe, huenda maradhi yakashuka katika viungo, kisha yakala valvu za moyo, yaani vile vilango vinavyoongoza damu. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alipelekwa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hiyo ni fahari ya taifa zima.

Lakini kutoka Kigoma hadi huko ni safari ya kilomita 1,250 hivi kwa reli. Wala safari ya mgonjwa haiishi siku anaposhonwa kifua. Aliyewekewa valvu ya chuma hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake kupimwa mara kwa mara. Dawa ikipungua, damu huganda katika valvu. Ikizidi, mwili huvuja damu. Mtu huyo hawezi kuambiwa, “Rudi mlipuko utakapokwisha.”

Mwezi Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini mwetu, na mwezi uliofuata ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Duniani kote hospitali zilifunga vyumba vya upasuaji. Wataalamu walikadiria mwaka huo kwamba katika majuma 12 ya shida kubwa, operesheni zipatazo milioni 28 zingeahirishwa au kufutwa.

Haki isemwe: kuahirisha hakukuwa uzembe. Uchunguzi wa wagonjwa 1,128 katika nchi 24, waliopasuliwa huku wakiwa na korona, ulionyesha kuwa karibu mmoja katika kila wanne alikufa ndani ya siku 30. Uchunguzi mkubwa zaidi wa mwaka 2021 ukafundisha kuwa aliyeugua korona, kama hali yake yaruhusu, angoje walau majuma saba kabla ya kupasuliwa. Basi kungoja kwaweza kuwa tiba. Lakini kungoja huko na kuamuliwe na daktari, mgonjwa mmoja mmoja, akijua nani aweza kuvumilia na nani hawezi. Kufunga mlango kwa wote si uamuzi wa kitabibu. Ni hofu iliyovaa koti jeupe.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hatuyasemi haya kwa kusikia tu. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kipindupindu kiliingia, na maelfu waliugua. Meli ya Liemba iliwavusha watu usiku na mchana. Mwaka 2023 Marburg ilizuka Kagera. Mwaka 2024 homa ya nyani ilienea Kongo na Burundi, majirani zetu. Ziwa letu ni njia ya samaki, ya biashara na ya udugu. Maradhi nayo huipita njia hiyo hiyo. Mlipuko mwingine utakuja.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, kila mpango wa dharura wa mkoa utaje wodi na wauguzi ambao hawataguswa, ili mgonjwa wa moyo, mama mzazi na mwenye kisukari wasichanganywe na wenye maradhi ya kuambukiza. Pili, sindano za penisilini na dawa za kuzuia damu kuganda ziwekwe akiba kabla ya njia kufungwa, na kipimo cha damu kisogezwe karibu na mgonjwa, ili mtu wa Kalya asilazimike kuvuka nusu ya nchi kwa ajili ya tone moja la damu. Tatu, daktari wa Dar es Salaam na mwenzake wa Maweni washauriane kwa simu juu ya mgonjwa wao. Simu haiambukizi.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Tusiikimbie hospitali kwa uvumi. Mtoto mwenye homa, koo linalouma na viungo vilivyovimba apelekwe kwa mganga leo, si baada ya mavuno.

Mlipuko hupita, na wanaoushinda hupongezwa. Lakini ushindi haujakamilika iwapo, tukihesabu waliopona, tutakuta kimya kimya tumewazika wale ambao mlipuko haukuwagusa kamwe.