KITI SI CHA BUNGE WALA SI CHA MBUNGE

Ndugu Wanachama,

Liko neno moja linalosikika kila mara uchaguzi ukikaribia, na hata katika mikutano yetu wenyewe husemwa. Neno lenyewe ni hili: "Chama cha wafanyakazi kiangalie mshahara na saa za kazi basi. Mambo ya vita, ya sheria na ya serikali tuwaachie Waheshimiwa, maana wao ndio wenye Bunge." Wako wanaolisema kwa kuchoka, na wako wanaolisema kwa kuwa wametumwa. Sisi twasema neno hilo ni sumu. Tutalijibu, si kwa matusi, bali kwa hesabu ya kazi ya mtu mmoja: Julian Bond, aliyekuwa mjumbe katika Bunge la jimbo la Georgia, Marekani.

Mtu atauliza, Georgia ni mbali, yatuhusu nini? Si mbali kama unavyodhani. Mwezi wa Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera yetu kupandishwa, Bwana Oginga Odinga, aliyekuwa Waziri wa serikali ya Kenya, alifika mji wa Atlanta. Vijana weusi wa chama cha SNCC walikwenda hotelini kumwamkia. Walipotoka hapo waliingia mkahawa wa jirani kunywa kahawa, wakakataliwa kwa sababu ya rangi yao. Wakakaa chini wasiondoke, na polisi wakawatia mbaroni. Waziri wa Kenya aliruhusiwa kulala katika hoteli ya mji ule, lakini mwenyeji aliyezaliwa Marekani hakuruhusiwa kunywa kikombe cha kahawa! Katika chama hicho cha SNCC, mkuu wa habari alikuwa Julian Bond.

Bond alizaliwa tarehe 14 Januari 1940. Baba yake alikuwa mwalimu mkubwa, mkuu wa Chuo cha Lincoln, chuo kilekile alichosoma Kwame Nkrumah. Angeweza kukaa kitako akala matunda ya elimu ya baba yake. Badala yake, mwaka 1960 alikuwa mmoja wa walioanzisha SNCC, na mwaka 1961 aliacha masomo yake ili afanye kazi ya chama. Digrii yake aliipata mwaka 1971, miaka 10 baadaye.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Miaka mingi Bunge la Georgia lilikuwa limegawanywa kwa hila, hata watu wachache wa mashamba wakawa na nguvu kuliko maelfu ya wafanyakazi wa mjini. Mahakama zilipoamuru mipaka ichorwe upya, uchaguzi ulifanywa mwezi wa Juni 1965, na Bond akasimama katika wilaya ya uchaguzi nambari 136, Atlanta. Wilaya hiyo ilikuwa na wapiga kura kama 6,500, na kama 6,000 kati yao walikuwa weusi. Hakuja na ngoma wala na noti. Alikwenda mlango kwa mlango akiwauliza watu wanataka nini, kisha akayaandika waliyomwambia yakawa ndiyo ahadi zake.

Zitazameni ahadi hizo, ndugu, maana ni zetu. Alitaka mshahara wa chini uwe dola 2 kwa saa, wakati kiwango cha serikali kuu kilikuwa dola 1 na senti 25, nacho hakikuwagusa vibarua wa mashamba wala watumishi wa nyumbani. Tena alitaka ifutwe ile sheria ya Georgia ya mwaka 1947 wanayoiita kwa jina zuri la "haki ya kufanya kazi". Msidanganywe na jina. Sheria hiyo yakataza chama kupatana na mwajiri kwamba kila anayefaidi mapatano ya chama achange. Maana yake ni kwamba mmoja atoe ada yake, agome, afukuzwe kazi, na mwingine akae kando akingoja nyongeza ipatikane naye apokee sawasawa. Watu wa namna hiyo twawajua kwa sura, nasi hatuna haja ya kwenda Georgia kuwatafuta.

Bond alipata kura 2,320, na mpinzani wake kura 487. Watu weusi 8 walichaguliwa katika Bunge hilo mwaka ule, na walikuwa wa kwanza kuingia humo tangu mwaka 1907.

Kabla hajaapishwa, jambo likatokea. Tarehe 3 Januari 1966, kijana mmoja mweusi aliyekuwa amelitumikia jeshi la maji la Marekani alipigwa risasi akafa katika mji wa Tuskegee, Alabama, kwa ugomvi wa kutaka kutumia choo cha wazungu. Tarehe 6 Januari, SNCC ilitoa tangazo la kupinga vita vya Vietnam, ikiwaunga mkono wale wasiotaka kuandikishwa jeshini. Ikauliza, mtu atapelekwaje kupigania uhuru wa wengine ng'ambo, hali kwao ananyimwa? Waandishi wa magazeti walipomwuliza Bond kama anakubaliana na tangazo hilo, hakuzunguka. Alisema anakubali.

Tarehe 10 Januari 1966 alikwenda kuapishwa. Karani wa Bunge akamwambia akae pembeni. Wenzake saba weusi waliapishwa, yeye hakuapishwa. Walimkalisha mbele ya halmashauri wakamhoji kama mshtakiwa. Wakasema kwamba mtu mwenye maoni hayo hawezi kuapa kwa moyo safi kuitii Katiba. Alikuwa tayari kuapa, wakasema kiapo chake hawakitaki. Jioni Bunge likapiga kura: 184 wakasema asiingie, 12 wakasema aingie.

Tafakarini hesabu hiyo. Watu 184 walifuta kura za watu 2,320. Hakuna aliyesema Bond aliiba kura, wala kwamba umri wake haukutosha au kwamba si mkazi wa wilaya yake. Kosa lake lilikuwa kufungua kinywa juu ya jambo ambalo wakubwa walikuwa wamekwisha kuamua. Na wengi walisema vilevile wasemavyo watu wetu: "Vita vya Vietnam vyamhusu nini mjumbe wa mtaa wa maskini wa Atlanta?" Vilimhusu sana! Vijana waliokuwa wakichukuliwa kwenda kufa walitoka katika nyumba zilezile alizozipigia hodi. Sheria ya kuandikisha jeshi haiulizi kama wewe ni mtu wa siasa au mtu wa mshahara tu.

Bond hakulia, wala hakuomba radhi. Alikwenda mahakamani. Angalieni ni nani walioshtaki pamoja naye: wakazi wawili wa wilaya ile, mmoja wao Dakta Martin Luther King, kwa kuwa walikuwa wameachwa bila mjumbe. Hiyo ndiyo shina la jambo. Kiti kikiibwa, mwenye mali ni mpiga kura, naye ana haki ya kupiga kelele za mwizi.

Mahakama ya kwanza ilimshinda, majaji wawili kwa mmoja. Wakati huohuo ukaitishwa uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi yake. Wapiga kura walimtuma nani? Bond! Hiyo ilikuwa Februari 1966. Mwezi wa Mei halmashauri ya Bunge ilimwita, ikamtaka ayakane maneno yake. Alikataa, wakamfungia mlango mara ya pili. Novemba 1966 ukaja uchaguzi mkuu, na wilaya ikamchagua mara ya tatu. Ndugu wanachama, mtu huyu alichaguliwa mara tatu kabla ya kukalia kiti hata siku moja. Alikuwa shujaa, ndiyo. Lakini fikirini pia habari za wapiga kura wale. Mwaka mzima hawakuwa na mjumbe, waliambiwa mtu wao ni mhaini, na bado walirudi foleni wakamwandika yeye. Bila wao angekuwa kijana mwenye maneno matamu tu.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu yake katika kesi ya Bond na Floyd. Majaji wote 9 walikuwa kauli moja. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kwamba Bunge la jimbo haliwezi kumbana mjumbe ulimi kuliko raia wa kawaida. Bali mjumbe anapaswa kusema wazi msimamo wake katika mambo yenye ubishi, ili waliomtuma wamjue. Januari 1967 Bond aliapishwa.

Mwaka huohuo wa 1966 sisi nasi tulikuwa na mtihani wetu. Wajumbe waliotoka KANU kwenda KPU ya Bwana Odinga walitungiwa sheria upesi upesi, wakaambiwa viti vyao vimekwisha, warudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi ule mdogo wa Juni 1966 viti 29 viligombewa, na KPU ilirudi na 9. Tunaweza kubishana hadi alfajiri kama mchezo ule ulikuwa wa haki. Lakini hata waliotunga sheria ile walilazimika kukiri jambo moja: swali la nani mwenye kiti halikuweza kumalizwa bila mpiga kura. Wale 184 wa Georgia walitaka kulimaliza wao kwa wao.

Sasa, msidhani twawaletea hadithi ya malaika. Hesabu ni hesabu, tuisome hadi mwisho. Bond alikaa katika Bunge dogo hadi mwanzo wa mwaka 1975, kisha katika Seneti ya Georgia hadi mwaka 1987, jumla miaka 20. Alisaidia kuanzisha umoja wa wajumbe weusi, na sheria zaidi ya 60 zilipita zenye jina lake au jina lake pamoja na wengine. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democrat huko Chicago, jina lake lilitajwa kwa umakamu wa Rais. Alilikataa, kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na Katiba yataka 35. Sifa zake zikaenea nchi nzima, akawa mtu wa kualikwa kila mahali kuhutubu.

Hapo ndipo penye mtego. Mwaka 1986 aliacha kiti chake cha Seneti akagombea Bunge kuu la Washington katika wilaya ya Atlanta. Mpinzani wake alikuwa rafiki yake wa siku za SNCC, John Lewis, mtoto wa mkulima, asiye na ufasaha wala umaarufu kama wake. Lewis aliwaambia watu kwamba yeye ni kama ile meli ndogo ya bandarini inayovuta, si meli ya kutazamwa. Makuli wa Kilindini wataelewa maneno hayo bila mkalimani. Duru ya kwanza Bond alipata asilimia 47, Lewis 35. Kila mtu alidhani mambo yamekwisha. Duru ya pili, Septemba 1986, Lewis alipata 52 na Bond 48. Lewis alikaa Bunge kuu hadi alipofariki mwaka 2020. Bond hakurudi tena katika kiti cha kuchaguliwa na wananchi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha NAACP tangu 1998 hadi 2010, akafariki mwaka 2015.

Je, mwaka 1986 Bond alidhulumiwa? La. Alishindwa. Mwaka 1966 kiti chake kilichukuliwa na wasiokimiliki, huo ukawa wizi. Mwaka 1986 wenye mali walimpa mwingine, hiyo ikawa haki. Anayeyachanganya mambo haya mawili hajaelewa uchaguzi ni nini. Wabunge 184 walishindwa kumwondoa mtu ambaye wilaya ilimtaka, na sifa za nchi nzima zilishindwa kumwingiza mtu ambaye wilaya ilimpendelea mwingine kuliko yeye. Kiti si cha Bunge, wala si cha Mbunge.

Basi, ndugu, mgombea akija kwenye lango la kiwanda au kwenye gati na fulana zake na ahadi zake, msimwulize amevaa rangi gani. Mwulizeni: Sheria ya kazi ilipofika Bungeni ulipiga kura upande gani? Siku wakubwa walipokutaka ukane maneno yako, ulifanya nini? Tangu tulipokutuma umerudi kwetu mara ngapi? Akikasirika, mmekwisha kupata jibu.

Na sisi tunaoshika vyeo vya chama tusijifanye hatujasikia. Halmashauri ikimfukuza mjumbe wa tawi kwa kuwa amesema neno lisilompendeza Katibu, hali wafanyakazi wa tawi wamemchagua kwa haki, halmashauri hiyo ni Bunge la Georgia la mwaka 1966. Na kiongozi akionekana kila siku katika mikutano ya hotelini, asionekane kazini kwa waliomchagua, asishangae siku kura zitakapompata.

Mshahara hupangwa na sheria, sheria hutungwa Bungeni, na Bunge hutumwa na wewe. Anayekuambia uangalie mshahara tu na uache Bunge akutaka ulinde chungu na umwachie yeye ufunguo wa ghala.

Kiti ni chako. Kihesabu.

Umoja ni nguvu.