Mauser Haina Kazi Makunduchi

Wapo wanaonishauri ninunue bunduki kuukuu ya Mauser, ile ya kuvuta komeo kwa kila risasi, niende nayo kuwinda maweni, nyuma ya Makunduchi. Bunduki yenyewe naisifu. Komeo lake huteleza kama lililopakwa samli, na muundo wake wa mwaka 1898 umeigwa na mafundi wa dunia nzima. Mwenye uwezo akiinunua kihalali, akaitunza na kuitazama, simlaumu.

Lakini kuwinda nayo huku ni ujinga, wala sioni haya kusema. Risasi yake mashuhuri, ya 9.3 x 62, aliibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika. Unguja hatuna nyati wala pofu. Tunaye paa nunga, asiyezidi kilo 12, ambaye duniani kote yupo Zanzibar na pwani ya Kenya tu. Ukimpiga kwa risasi ya nyati, utabakiwa na nini cha kutia chunguni?

Tena nchi yetu huku kusini ni tambarare. Risasi ikikosa haigoti mlimani. Hupenya vichaka, ikaenda kilomita na zaidi, na nyuma ya vichaka yupo mama anayekata kuni. Wasasi wa mbwa na nyavu humkaribia mnyama wao. Mwenye Mauser humwona paa, asimwone jirani. Anayeipenda kweli bunduki hiyo na aiache ukutani.