Jamani, Serotonini Haijapigwa Picha!

Ndugu zangu, kuna ugonjwa kwenye vyumba vyetu vya habari: tunapenda picha za ubongo zenye rangi kuliko tunavyopenda kuuliza zinaonyesha nini.

Julai 2022 Joanna Moncrieff wa University College London na wenzake walitoa mapitio ya tafiti za miaka mingi. Hitimisho: hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona inatokana na upungufu wa serotonini. Vyombo vya habari vikaizika nadharia. Novemba mwaka huohuo, David Erritzoe wa Imperial College London na wenzake wakatoa utafiti wa skana ya PET. Nadharia ikafufuliwa! Sasa msomaji ashike lipi?

Tuangalie kilichofanyika. Mtu anadungwa Cimbi-36, kemikali yenye mionzi hafifu inayonata kwenye vipokezi vya serotonini, anapigwa skana. Kisha anameza deksamfetamini, dawa inayousukuma ubongo kumwaga serotonini, na baada ya saa tatu anapigwa skana tena. Serotonini ikimwagika inagombea nafasi na Cimbi-36, na alama kwenye picha inafifia. Kwa maneno mengine, skana haikuiona serotonini hata chembe. Iliona Cimbi-36 ikisukumwa pembeni. Mengine ni hesabu na tafsiri.

Kwa watu 20 wenye afya, alama ilififia. Kwa wagonjwa 17 wa sonona, haikufifia kwa kiasi cha maana. Kazi nzuri, sibishi. Lakini ni watu 17, na watano kati yao walikuwa na Parkinson pia! Na bado hatujui kipi kilitangulia, sonona au huko kubadilika kwa ubongo.

Kinachoniudhi ni kwamba msomaji yuko nyumbani na vidonge vyake. Mapitio ya Moncrieff hayakupima kama dawa zinasaidia. Lakini anayeishia kwenye kichwa cha habari anaweza kuzitupa leo, na kuziacha ghafla kunaweza kumletea kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi mkali. Hapo gazeti litakuwa wapi?

Waandishi wenzangu, kabla ya kuandika "yathibitika", wekeni idadi ya waliopimwa kwenye aya ya kwanza. Mhariri akiikata, mwulizeni sababu.

Na wewe unayetumia dawa, ongea na daktari wako. Usibadilishe dozi kwa sababu ya kichwa cha habari, hata kama nimekiandika mimi.

Naomba kutoa hoja.